Naomba Mbwa Komando Afunguliwe Robo Saa Kila Jioni

Sostenes Methusela,
Ipagala, Dodoma.
9 Septemba

Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Ipagala.

Ndugu Mwenyekiti, Mama Zaitun,

YAH: KUFUNGWA KWA MBWA KOMANDO NA MADHARA YAKE KWENYE TUMBO LANGU

Shikamoo. Natumaini mafua yamekuachia na vumbi hili la Septemba halijakurudishia. Hapa kwetu sote wazima isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nimekaa masjala miaka thelathini, nikipokea barua za watu na kuzitia kwenye majalada. Barua ya kipuuzi naijua hata kabla sijaifungua. Hii si mojawapo.

Utakumbuka kwamba mwezi wa Mei nilikuletea malalamiko dhidi ya mbwa wa jirani yangu, Mzee Matonya, kwamba ananikimbiza kila jioni nikitoka kazini. Niliandika kurasa mbili, kwa hasira, suruali ikiwa imechanika mahali ambapo mtu wa umri wangu hapaswi kuchanika. Niliomba afungwe. Wiki mbili zilizopita amefungwa. Basi nimeshinda, na ushindi wenyewe unaniua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi huo wa Mei nilikuwa na kilo mia na nne. Daktari wa kliniki aliniambia presha imepanda, sukari inaninyemelea, na kwamba nikifika Oktoba bila kupungua kilo kumi ataniandikia vidonge vya maisha. Marehemu baba alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na sita. Mimi ninayo hamsini na tano. Naogopa, Mwenyekiti, sina haja ya kuficha. Asubuhi nikiinama kufunga viatu nahema, na mke wangu Restuta huacha alichokuwa anafanya, akanisikiliza mpaka nimalize.

2. Mpwa wangu Joel, aliye chuo kikuu, alinielekeza mazoezi ya muda mfupi. Unakimbia kwa nguvu zako zote nusu dakika, unapumzika dakika moja, unarudia mara kadhaa, unaenda kuoga. Alidai mafuta yanayeyuka hivyo kuliko kuzungukazunguka uwanjani saa nzima. Nilifurahi sana, maana katika habari za mazoezi neno ninalolipenda ni "mfupi". Nikajaribu uani kwangu. Kufika sekunde ya nane nilikuwa nimekaa juu ya ndoo. Ile dakika ya kupumzika niliitimiza kikamilifu, tena nikaiongeza hadi taarifa ya habari. Restuta aliyenishikia saa alicheka mpaka akatafuta pa kujiegemeza. Ukweli ni kwamba sina bidii. Nikiachiwa uhuru wa kuchagua kati ya kukimbia na kukaa, nimeshakaa.

3. Alichoshindwa Joel, Komando alikiweza. Kutoka kituo cha bodaboda hadi kwangu njia ni moja, na inapita kwenye ua wa minyaa wa Mzee Matonya. Mbwa alikuwa ananitokea pale, ananikimbiza hadi duka la Shamimu. Hapo anasimama, anashughulika na mambo yake, nami natembea huku navuta pumzi. Mara huyo tena, hadi korongoni. Anasimama. Anakuja tena. Mara sita, kila jioni, hakuna saa wala kengele ya simu. Mbwa hajasoma, lakini mahesabu yake na ya Joel ni yaleyale. Kufika Agosti nilikuwa nimepungua kilo tisa. Daktari akanipa mkono, akanisifu kwa kujituma. Nikaipokea ile sifa peke yangu, na jambo hilo linanisuta mpaka leo.

4. Tangu afungwe nimerudisha kilo nne. Kila jioni napita pale kwenye ua, nasimama, namwita. Ananitazama kwa jicho moja, analala. Juzi nilibweka, Mwenyekiti. Mimi, mtumishi wa umma, nilibweka kwenye ua wa mtu, na Shamimu wa dukani akaniona. Aliniuliza kwa upole kama nyumbani ni kwema.

5. Nimejaribu kutafuta mbadala. Bata mzinga wa Abubakari, fundi cherehani, anakimbiza hatua tano tu, kisha anasimama na kunitazama kwa dharau. Dharau haipunguzi kilo. Ingekuwa inapunguza, ningekuwa mwembamba siku nyingi.

6. Kwa hiyo naiomba ofisi yako imwelekeze Mzee Matonya yafuatayo. Kwanza, mbwa afunguliwe kila siku ya kazi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili na robo. Pili, asilishwe kabla ya hapo, ari isije ikapungua. Tatu, wakazi wengine wenye matumbo wapangiwe zamu. Majina kumi na moja ninayo, na la kwako kwa heshima sijaliweka. Nne, mbwa huyu atambuliwe kuwa ni wa mtaa mzima, kama kile kisima. Chanjo nitagharamia. Suruali zikichanika sitadai.

Nisalimie Mzee Athuman hapo nyumbani, wajukuu wote, na wajumbe wa mtaa, akiwemo yule aliyecheka barua yangu ya Mei iliposomwa kikaoni.

Ni mimi, mlalamikaji wako kwa mara ya pili,

Sostenes Methusela
Karani wa Masjala

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimpa Restuta aisome. Akajitanda khanga, akaenda kwa Mzee Matonya bila kuniambia, akarudi na maelezo. Barua yangu ya Mei Mzee hana habari nayo. Mbwa amefungwa kwa amri ya daktari wa mifugo, kwa sababu amenenepa kupita kiasi, na inasemekana kuna mtu alikuwa anamlisha nyama barabarani.

Restuta akaniuliza, ile mishikaki sita ninayonunua kila jioni pale kituoni, toka Mei hadi Agosti niliifikisha nyumbani mara ngapi? Nikafikiri sana. Hata mara moja. Nilikuwa namtupia mmoja kila akinikaribia, naye akisimama kula mimi nasogea mbele. Tangu afungwe nimekuwa naila yote sita, tena kwa utulivu.

"Baba Angelina," akaniambia, "mbwa wa watu amekubebea mafuta yako, na bado unataka akukimbize na njaa."

Kwa hiyo naomba ufute namba moja hadi sita, isipokuwa pale niliposema naogopa. Badala yake, uniombee kwa Mzee Matonya nakala ya masharti ya chakula aliyoandikiwa Komando. Nitayafuata yote. Leo jioni nitapita kumpa pole, mikono mitupu.