Bakuli Lisilo na Kitako

Wenzangu, leo nimeaibika, na bora mlisikie jambo lenyewe kwangu kabla mji haujawafikishia.

Uvumilivu uliniisha saa nne asubuhi, Fundi Yoeli aliposema kwa mara ya tatu, "Mama Lea, tazama mkono wa Debora." Mkono wa Debora! Nikamwambia, "Fundi, mkono nimeshauona. Sasa naomba mashine." Nikamsogeza Debora kwa nyonga. (Ndiyo, nilimsukuma. Sikatai.)

Debora ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Tunajifunza wote wawili kukereza mabakuli ya mti kwa mashine kwenye karakana ya kanisa hapa Dodoma, na atakayefaulu mtihani wa leo ndiye ataajiriwa. Mmoja tu! Mume wangu amepunguzwa kazini tangu shirika lao liuzwe, anashinda nyumbani akibishana na redio. Nafasi hii naihitaji mimi. Debora anakaa kwa mama yake, anakula asichopika, hana mtoto wa kumng'ang'ania ziwa. Mtu wa hivyo kwa nini asiwe na mkono? Na ni darasa la saba! Mimi nina kidato cha nne kamili. (Mashine haikuulizia cheti.)

Mtihani wenyewe ni huu. Unapewa gogo la mninga, nene kama mtungi. Zamani fundi alikuwa akilichimba lote, bakuli moja likatoka na mti mwingine wote ukawa takataka za kuwashia jiko. Sasa kuna chuma kilichopinda kama mundu. Gogo linazunguka, wewe unakiingiza chuma usoni mwake, kinapita chini kwa chini, na bakuli dogo linabanduka kutoka tumboni mwa kubwa. Gogo moja, mabakuli matatu. Kila mara uvute chuma nje ili takataka zitoke. Ukifanya pupa, unatoboa kitako.

Debora alikuwa ametangulia. Yake matatu yalikaa mezani, moja ndani ya jingine, kama sufuria za bibi harusi.

"Haya wifi," nikamwambia, "vua ovaroli unipe."

Karakana ina ovaroli moja. Fundi alimpa yeye tangu siku ya kwanza, eti inamkaa.

"Wifi jamani, chini sijavaa kitu!"

"Hujavaa kitu?"

"Hata kitu kimoja!"

Basi nikabaki na blauzi yangu na khanga yangu kiunoni, kama siku zote. Fundi akasema, "Mama Lea, hiyo ncha ya khanga ichomeke vizuri."

"Nimechomeka, fundi." (Nilikuwa sijachomeka.)

Bakuli dogo kabisa lilitoka. Nawaapia! Lilibanduka taratibu, likalala kiganjani mwangu, zuri, la moto kama andazi. Nikamgeukia Debora nikamwonyesha. Akageukia mabakuli yake, na moyo wangu ukanenepa.

Hapo ndipo nilipoharibu. La pili nikataka nilitoe haraka kuliko alivyolitoa yeye. Nikasukuma chuma.

"Vuta nje, takataka zimejaa," fundi akasema.

Nikasukuma.

"Mama Lea, vuta nje!"

Nikakiegemea kwa kifua kizima. Chuma kikalia kama mbuzi anayechinjwa, nami nikainama zaidi, na ile ncha ya khanga ikaenda kusalimiana na mashine. Mashine ikaivuta. Nikazungushwa nusu duara, khanga ikafunguka, ikaniacha pale nimesimama, ikaendelea kuzunguka na gogo kama bendera. Fundi akarukia swichi, mashine ikasimama.

Nilibaki na gaguro la kuvaa chini ya khanga. Sasa sikilizeni: gaguro lenyewe nililishona kutoka gunia la unga wa mwaka ule wa njaa. Pamba nzuri, ngumu, haichakai. Maandishi nayo hayachakai. Nyuma yangu, kutoka kushoto mpaka kulia, yapo wazi: MSAADA. HAUUZWI.

Na mlangoni, amekuja kutazama mtihani, Mzee Chilongola, mwenyekiti wa kamati ya karakana.

Adabu ikanitoka mdomoni yenyewe. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akageukia ukuta. "Geuka... hapana, usigeuke."

Fundi akalifungua gogo langu, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Tundu la kutosha ngumi. Debora akaweka jicho upande wa pili.

"Wifi, nakuona!"

Karakana nzima ikacheka. Hata mzee, mabega yalimtikisika pale ukutani. Kisha Debora akafanya jambo baya kuliko yote: akanionea huruma. Akavua ile ovaroli, akanifunika. Na chini alikuwa amevaa gauni! Gauni zima, la maua, lina mkanda!

"Wewe si ulisema hujavaa kitu?"

"Nilisahau, wifi."

Sikulia. Nilikwenda nyumbani, nikamnyonyesha mtoto, nikachukua karatasi ya mistari, nikaandika barua. Nimeshaipeleka kwa mkono wangu, na imeandikwa hivi:

Mwenyekiti, Kamati ya Karakana.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU OVAROLI MOJA KUPEWA MTU MMOJA

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nalalamika kwamba leo nimefanya mtihani nikiwa na khanga, wakati mwenzangu alikuwa na ovaroli pamoja na gauni. Sipingi kwamba bakuli langu halina kitako. Napinga kushindanishwa na mtu aliyevaa mara mbili. Naomba uajiri usimamishwe, nipewe gogo jingine, nirudie mtihani siku ya Alhamisi. Kuhusu vazi, kamati isihangaike. Nitakuja na suruali ya mume wangu. Anayo hiyo moja tu, na amekubali kushinda ndani na mtoto mpaka nitakapotoa mabakuli yote matatu.