Kona Moja Nani Ataona?

Danford alikuwa na shida moja ya kweli: mzee Limbu, baba yake Esteria, alitaka ng'ombe wanane, na Danford hakuwa na hata mkia. Esteria mwenyewe alimtaka. Lakini mzee alishatamka kwamba pamba ikiisha mashambani bila mahari kufika, binti anaolewa na dereva wa trekta wa Kiloleli.

Asubuhi moja, akiwa kibarazani kwa jirani anakunywa chai ya wenyewe, aliwaona maofisa wa mipango miji wakishuka uwanjani. Lilikuwa eneo la wazi la mwisho mtaani kwao, hapo Bariadi, nalo lilishatafunwa vya kutosha: huku kibanda cha miamala, kule ukuta wa gesti uliokuwa ukisogea kila mwaka kama una miguu. Watoto walicheza mpira kwenye kilichobaki, na misiba ilipigia turubai hapo hapo. Maofisa walichomeka vigingi vyekundu ili uwanja usimegwe tena, wakapiga picha, wakaondoka. Danford alitazama vile vigingi akaiona mahari yake.

Kesho yake alivaa kizibao cha kung'aa kama cha wapima ardhi, akashika futi kamba, akaingia baa kwa mama Generoza.

"Mama, uwanja mzima sikuuzii, mimi si mwizi. Nakumegea kona. Kona moja nani ataona?"

"Na kibali?"

"Kiko kwa wakubwa. Ila usimwambie mtu."

Mtu akiambiwa asimwambie mtu, hujiona mteule. Mama Generoza alitoa kianzio, akanyamaza kwa heshima zote. Mwenye gesti naye akamegewa, na fundi seremala, na wengine waheshimiwa ambao kila Jumapili huombea maendeleo ya mji. Kila mmoja alijua anaiba kidogo tu. Danford alikula vile vianzio vyote kwa kuku wa kuchoma, maana hata tapeli huwa na njaa.

Kipande cha katikati alikitaka Ngassa, mfanyabiashara wa pamba wa Kasoli, ajenge ghala. Hakuwa na fedha taslimu, ila zizi lake lilijaa.

"Chukua ng'ombe wanane, ngosha, mwanaume mwenzangu."

Danford alitaka kulia kwa furaha. Mtu mwingine yeyote wa Simiyu angeuliza kwanza: hawa ni wako, au umepewa uwatunze, unywe maziwa, na mwenyewe akija umrudishie? Danford alikaa Kariakoo miaka mingi mno. Kwake yeye, ng'ombe aliye zizini kwako ni wako.

Aliwaswaga mpaka kwa mzee Limbu, pembezoni mwa mji. Walipokaribia, ng'ombe wakaongeza mwendo, wakaingia zizini wenyewe, kila mmoja akasimama mahali pake.

"Mwangaluka, baba!" alisalimu kwa Kisukuma. "Umeona? Hata ng'ombe wameikubali ndoa!"

Mzee Limbu alizunguka zizi taratibu, akampapasa mmoja mwenye baka jeupe, akamtazama masikio.

"Huyu amezaliwa humu," alisema. "Hawa wote nilimpa Ngassa anitunzie tangu ule ukame. Asante kwa kunirudishia, mwanangu. Sasa mahari yako iko wapi?"

Danford alijaribu uongo wa kwanza, ukakataa, na wa pili nao ukakataa. Akaeleza yote, huku Esteria akicheka mlangoni mpaka akakaa chini.

Mzee hakucheka. "Ng'ombe wangu wamenunua kiwanja, basi kiwanja ni changu. Na kiwanja changu nachungia."

Asubuhi ng'ombe wanane walikuwa katikati ya uwanja. Ng'ombe hawajui mipaka: walianza kwa Ngassa, wakaangusha nguzo ambazo mama Generoza alizisimika usiku huo huo, wakajikuna kwenye uzio mpya wa seremala mpaka ukalala. Wenye vipande walikuja mbio, wakatazamana, na ndipo kila mmoja akagundua kwamba jirani yake ni mwizi mwenzake. Nani aende ofisini kushtaki, na aseme alikipataje? Walirudi majumbani mmoja mmoja. Jioni watoto walikuwa wanacheza mpira, wakiruka vinyesi.

Mchungaji ni Danford. Mzee alimwambia ujira wake utahesabiwa kwenye mahari, ng'ombe wa kwanza labda mwakani, akichunga vizuri. Amevua kizibao na kushika fimbo, na dereva wa trekta ameambiwa asubiri kidogo.

Esteria humletea maji mchana.

"Danford," humwambia, "yule mwenye baka ameingia kwenye kona ya mama Generoza."

"Mwache ale," hujibu Danford kwa uchungu. "Kona moja nani ataona?"