Nyuzi Nane, Sauti Nane

Jumatatu, 10 Novemba
Leo nimetunga muziki wa mandolini kumi na mbili, vile vigitaa vya nyuzi nane. Peke yangu! Nimeuita "Senene Wameshuka". Mpinzani wangu ni Burhani, mtoto wa duka la vitambaa hapa Miembeni, anayetembea na karatasi za noti kwapani kama karani wa mahakama. Mwalimu Mwijage wa kikundi chetu atachagua mmoja, wangu au wake, upigwe Jumamosi harusini, kijiji cha Ijumbi. Baba mdogo Karugendo ameshasema: nisipotangazwa mtunzi, narudi Kanazi kupalilia kahawa. Mimi! Kupalilia!

Jumatano, 12 Novemba
Mwalimu kaisoma kazi yangu. Nimeiandika kwa namba, uzi wa kwanza mpaka wa nane. Akasema mandolini ina sauti nne tu, kila sauti nyuzi mbili pacha. Burhani alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nyuzi mbili, sauti moja? Si upotevu huo? Enanga ya babu, ala yetu ya jadi, ina nyuzi nane na kila uzi una sauti yake. Aliyebuni mandolini aliishiwa sauti, akarudia zilezile.

Wa Burhani ndio umechaguliwa. Unalia kama mbuzi mwenye baridi.

Ijumaa, 14 Novemba
Wamesahau kitu. Mkaza nyuzi wa kikundi ni mimi! Kesho nakaza kwa mtindo wangu, kila uzi sauti yake. Kitatoka kitu kitamu, watu watauliza ni kazi ya nani, nami nitasimama taratibu. Alistidia, mpigaji wa mandolini kubwa, kanikuta natabasamu. Akaniuliza nimeiba nini.

Jumamosi, 15 Novemba
Wenzangu wakila ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, mimi nakaza. Zote kumi na mbili! Njaa inanikaba. Bibi harusi akaingia, Burhani akainua mkono kwa madaha, kikundi kikaanza kupiga.

Lo! Walisema ni kama misumari imemwagwa juu ya bati. Wana masikio ya mbao. Bibi yake bwana harusi akapiga ukelele, "Waitu!", akauliza kama paa linaezuliwa. Uzi ukakatika, ukamchapa Burhani puani. Hapo palikuwa patamu.

Mwalimu akauliza ni kazi ya nani. Nikasimama taratibu, kama nilivyopanga. Akanitaja jina kwenye kipaza sauti, mbele ya ukoo mzima, akanifukuza. Alistidia kasema nikamwambie baba mdogo nimeshatangazwa.

Jumatatu, 17 Novemba
Kanazi. Jembe, kahawa, mbu. Wivu wao huo!

Jirani yetu Dastan anapiga gitaa kanisani. Gitaa la nyuzi kumi na mbili. Leo kaniachia nilifute vumbi. Nimechungulia: pacha, pacha, pacha! Nyuzi kumi na mbili, sauti sita! Ujinga umefika mpaka migombani.

Jumapili ni kipaimara, Dastan atalipiga. Koleo la kukazia nyuzi nimeshapata.