Kava la Chuma na Simu ya Mzee Karugendo

Jumatatu, 11 Novemba 2024. Hamugembe.

Hatimaye simu yangu iko salama! Vioo vitatu vimepasuka mwaka huu, inatosha. Nimesh, muuza simu wa mjini, alinishauri ninunue kava la mpira. Mpira! Kwani simu ni kandambili? Nikaenda kwa Jamali, fundi wa kuchomelea mageti, akanitengenezea kava la chuma. Chuma kila upande, kidirisha kidogo mbele, skrubu nne. Jamali aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia afanye kazi yake.

Wiki hii lazima iwe salama kuliko wiki zote. Mjomba Ismael, mshenga wangu, amerudi kutoka Kishanda, kwao Oliva, binti ninayetaka kumwoa. Posa imepokelewa vizuri. Baba yake, mzee Karugendo, atanipigia mwenyewe kunipa siku ya kwenda kujitambulisha. Ila mjomba alinionya: mzee yule hupiga mara moja tu. Anasema upande wa binti haubembelezi. Usipopokea, anampigia anayefuata. Anayefuata ni Gideon wa Nshambya, mwalimu, mwenye simu iliyofungwa kwa raba bendi. Raba bendi! Nacheka peke yangu.

Jumanne, 12 Novemba.

Kimya. Suruali imeteremka mara mbili mbele za watu kwa uzito wa simu. Nimeongeza mkanda wa pili.

Mtandao hauna hata mstari mmoja. Nimechunguza na nimegundua chanzo. Jirani yangu Skolastika ameezeka bati jipya wiki iliyopita. Bati linazuia mtandao, kila mtu anajua. Nikamwomba kwa upole aling'oe, angalau upande wa kwangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza hicho nilichoshika mkononi ni nini kama si bati. Nikamweleza kwamba bati na chuma ni vitu viwili tofauti. Akazidi kucheka. Majirani wengine ni mtihani.

Jumatano, 13 Novemba.

Nimepanda kilima juu ya Nshambya kuufuata mtandao huko huko uliko. Jua kali. Niliiweka simu sikioni kusikiliza kama kuna uhai, nikaungua. Sikio limevimba.

Kisha mvua, na radi zetu hizi za Bukoba. Nikakimbilia kibanda cha muuza ndizi. Watu sita ndani. Walipoona chuma kinang'aa mkononi mwangu wakajibanza upande mmoja wote. Mama mmoja akasema waitu, yaani jamani, baba, wewe na radi yako mkae nje. Wakanisukuma! Nikasimama migombani, nimelowa chapachapa, nimeinua simu juu kutafuta mtandao. Wakanipigia kelele niishushe kabla sijawaua wote. Hakuna aliyepiga. Ee Mungu, kwa nini mimi?

Alhamisi, 14 Novemba.

Nimepata akili mpya. Kama simu ya mzee haiji kwangu, simu yangu itakwenda kwa mzee. Mjomba Ismael aliposikia alifoka: tangu lini mchumba anakwenda ukweni bila mshenga? Nilikwenda. Gari la asubuhi hadi Muleba, bodaboda hadi Kishanda, mkononi kopo la senene wa kukaanga.

Mzee Karugendo alinipa kahawa ya kutafuna, kwa adabu zote, bila kunitazama. Akasema alinipigia Jumanne saa nne asubuhi na sikupatikana, na leo ndiyo siku aliyopanga kumpigia Gideon. Niliapa kwamba simu haijazimwa hata dakika moja. Basi Oliva akaomba ruhusa tujaribu. Simu yangu mezani, yeye amesimama mbele yangu, akapiga. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

Akaingia ndani, akarudi na bisibisi ya cherehani ya mama yake. Akaniinamia, akaninong'oneza nifungue hilo kava, apige, baba asikie ikilia, mambo yaishe. Machozi yalikuwa yanamlenga. Jamani, nampenda yule binti.

Nikatazama sakafu. Saruji tupu! Ikiniponyoka je? Nikamwambia nitafungua nikifika nyumbani, penye mkeka.

Mzee akasimama. Akaniuliza: mtu anayeifungia simu ndani ya chuma, binti yangu atamfungia ndani ya nini? Akampigia Gideon palepale, mbele ya macho yangu. Raba bendi ikapokea mlio wa kwanza.

Kopo la senene nimelisahau kule. Sirudi kulichukua.

Jumamosi, 16 Novemba.

Tangu jana natafuta kumpigia Oliva nimwombe msamaha. Skrubu hazifunguki. Nimejaribu kisu cha jikoni, vichwa vyote vimelika. Jamali yuko visiwani huko Muleba, anachomelea vitu vya wavuvi, anarudi kesho. Sijala. Nimeipiga simu ukutani kwa hasira. Ukuta umebomoka kidogo.

Jumapili, 17 Novemba.

Jamali amekata chuma kwa grainda, cheche kila mahali. Simu ikatoka. Ikaanza kutetemeka. Jumbe tisa, zote za Oliva! Wa mwisho ni wa juzi Ijumaa jioni. Mama yake, Kokubanza, amembembeleza mzee mpaka amelainika. Baba hatapiga tena, lakini amekubali kupokea. Nipige mimi kabla ya saa sita mchana Jumamosi, maana saa hiyo Gideon anakuja kujitambulisha. Nisifanye ujinga, ananisubiri.

Nikapiga namba ya Oliva. Mlio wa kwanza tu, akapokea Gideon.

Nimelia mbele ya Jamali bila aibu. Aliweka grainda chini, akakaa kando yangu, akasema angalau sasa nimejifunza.

Kweli nimejifunza. Nimeikagua simu juu na chini. Imepita mvua, ukuta na grainda, na kioo hakina hata mkwaruzo mmoja! Chuma kimefanya kazi yake. Kosa lote ni bati la Skolastika.

Mjomba Ismael ana moyo, hakati tamaa. Amepata binti mwingine, Serafina, wa Muleba mjini. Baba yake atanipigia Jumatano. Nimemwagiza Jamali kava jipya, nene zaidi. Skrubu asiweke, achomelee kabisa.