Visahani vya Dada Rukaiya

Jumatatu, 14 Julai
Balaa! Visahani vya Dada Rukaiya, mfamasia wetu hapa Bunju, vimeota vidoa kupita kiasi tena. Huviacha wazi kwenye chumba cha kuchanganyia dawa, vinase bakteria wa hewani; kila kidoa ni kundi lao. Bosi kasema vikizidi hivi mara nyingine, chumba kinafungwa, na Rukaiya anahamishiwa tawi la Kurasini. Kurasini! Mie nibaki na nani? Na Benson wa stoo? Lazima nimwokoe. Nimeshinda nikiingia kumpa moyo. Nimempelekea chai. Nimemwashia feni. Nimemwimbia kidogo.

Jumanne, 15 Julai
Kipimo cha mwisho leo. Wazo limenijia nikipiga mswaki. Rukaiya alipovitega tu na kutoka kuswali adhuhuri, nikavifunika visahani vyote. Nikavifunua kabla hajarudi kuvikusanya. Kichwa ninacho! Benson akauliza nacheka nini. Nikamwambia aangalie maboksi yake.

Ijumaa, 18 Julai
Visahani safi, vinang'aa! Nikapiga makofi. Peke yangu. Rukaiya akasema chumba anachofanyia kazi mtu hakiwezi kutoa visahani vitupu namna hii. Akaniangalia.
"Lusungu, ulivifunika?"
Nikakana. Benson akakohoa. Nikakiri.
"Sikutaka uende Kurasini, dada."
Kisha akaniambia, taratibu, kwamba mle anachanganya matone ya macho ya watoto wachanga, na vifuniko vyangu havimlindi hata mmoja. Nilikosa pa kuweka uso. Akampigia bosi kuomba kurudia kipimo. Hakunitaja!
Halafu akauliza ni nani anayefungua ule mlango kila saa, anayeongea, anayepeperusha vumbi kwa feni. Tukatazamana. Kumbe ni mimi!

Jumatatu, 21 Julai
Kipimo kingine. Sikuingia. Nimekaa nje ya kioo, mdomo nimefunga. Mateso! Mchana akanipungia mkono wenye glavu. Nikapona.

Alhamisi, 24 Julai
Vidoa vichache tu, vinavyoruhusiwa. Rukaiya anabaki! Kaniletea visheti alivyopika mama yake. Kasema safari hii nimemsaidia kweli, kwa kukaa nje. Benson kapewa kimoja. Mie bakuli zima.
Ila chumba chenyewe kimepooza, maskini. Dada wa watu hana hata kitu cha kutazama. Kesho alfajiri, kabla hajafika, namwekea mwaridi mle ndani. Nimeshaupanda kwenye ndoo, na mbolea mbichi ya kuku, uchanue haraka.