Jogoo Aliyelewa Mbele ya Mama Mchungaji

Wasee, leo nimeaibika. Na aliyeniaibisha ana manyoya.

Mnajua nafuga kuku hapa Bumula. Chakula cha dukani ni ghali, kwa hivyo nachukua machicha ya busaa kwa jirani yangu, Mama Nafula. Akishachuja pombe yake, mimi nabeba yanayobaki, nayaanika juani, kuku wanakula. Mbolea ya kuku nampelekea yeye, anapandia wimbi, wimbi linarudi kuwa busaa. Hakuna kinachotupwa! (Nilikuwa nimeanza kujiita mwekezaji.)

Sasa leo Mama Mchungaji alikuwa anakuja na Mzee Wafula wa kanisa kuangalia kuku wa mkutano wa akina mama. Kuku wa mkutano mzima! Hiyo oda niliitaka kufa kupona. Nikasema lazima wapate kuku wameshiba. Machicha yalikuwa bado mabichi, yamechacha kwa ndoo tangu juzi, lakini nani ana wakati wa kuanika? Nikamwaga yote.

Wakakula. Woi, wakakula!

Wageni walipofika, jogoo wangu mkubwa akatoka kuwalaki. Anaenda mbele kidogo, anayumba kando. Nyuma yake tetea mmoja amelala chali.

Mzee Wafula akakodoa macho. "Kijana, hii jogoo ni mgonjwa?"

Nikaona oda inaenda. Nikaropoka, "Hapana mzee, si ugonjwa! Ni busaa tu!"

(Busaa TU. Mbele ya Mama Mchungaji. Huu mdomo wangu jameni.)

"Ati unapatia kuku pombe?" mama akauliza.

"Si pombe, mama, ni machicha..."

"Hebu tuombe."

Tukafumba macho. Akaombea boma, akaombea vijana wa Bumula, akafika kwa ulevi. Hapo ndipo jogoo akaamua kuwika. Akaanza vizuri, katikati akasahau, akaanguka pu! juu ya kiatu cha Mama Mchungaji. Akalala.

Natafuta shimo niingie. Kufungua macho, mama anacheka mpaka kilemba kimemtoka, Mzee Wafula ameshikilia ua asianguke.

"Nitawachukua," mama akasema akipangusa machozi. "Lakini walete mapema, wapate fahamu kwangu kwanza."

Furaha niliyosikia! Oda ni yangu bana. Ila tangu mchana, kila ninayekutana naye ananiuliza kuku wangu wataokoka lini.

Tafadhali, wewe usiniulize.