Helmeti Nane za Jangwani

Jumatatu, 1 Julai 1974

Nimeipata. Miaka mitatu nachonga mihuri hapa Mtaa wa Msimbazi, ya maduka, ya shule, ya vyama vya kuzikana, na leo ndiyo nimeona riziki ilipojificha. Tangazo limebandikwa ukutani: mashindano ya pikipiki ya Sabasaba, Jumapili, uwanja wa Jangwani. Asiye na helmeti yenye lebo ya usalama asisogee. Na mjini helmeti hakuna. Zikija, zinaishia kwa wenye shemeji bandarini.

Mimi ninazo nane. Kofia za wajenzi, kuukuu, zimekaangwa na jua. Nimezipaka rangi nyekundu, nimetia mikanda ya kidevuni na sponji ya godoro. Mke wangu Hyasinta kauliza godoro limefanywa nini. Nimemwambia panya.

Lebo nimeiiga kwenye helmeti halisi ya mhandisi mmoja, aliyoiacha kwa Sadalla ishonwe mkanda. Sadalla ni fundi wa makubazi ya ngozi, tunatazamana barazani kutwa. Nilimwomba niione kidogo. Muhuri nimechonga kwenye soli ya ndala, nikapiga kwenye vipande vya kitambaa cha amerikani. Duara, nyota, namba, maneno ya Kizungu. Sijui yanasema nini, ila yamekaa vizuri.

Sadalla kaniuliza mbona nimekaa nayo muda mrefu. Kwa nini aulize?

Jumanne, 2 Julai

Hyasinta kaigonga moja kwa mwiko. Si mchi, mwiko wa ugali. Ikapasuka. Nikamwambia hakuna mwendesha pikipiki anayepigwa mwiko njiani. Zimebaki saba.

Alasiri kaja Ndugu Rajabu, katibu wa chama cha pikipiki. Hakuigonga hata moja. Kavaa miwani, kageuza ndani, kasoma lebo ya kwanza mpaka ya mwisho. Kasema hajawahi kuona lebo iliyosomeka vile. Kachukua sita za waendeshaji wake, kafunga kwenye gunia, kaondoka nazo.

Usingizi wa mchana umeniruka. Katibu hasifu bure. Huyu ananichunguza.

Jumatano, 3 Julai

Balaa. Benjamini kapita.

Benjamini ni Mhehe, mimi Mngoni. Basi ni watani, na mtani hana adabu. Kaingia bila hodi, kauliza tangu lini Wangoni wameacha kuiba ng'ombe wakaanza kuuza vyungu, kaitwaa helmeti ya saba kwenye msumari ukutani, kaivaa, kaenda zake. Mtani akichukua kitu, kimechukuliwa. Ukikasirika wewe ndiye mpumbavu.

Nimecheka kama inavyopasa. Kisha Sadalla, bila kuulizwa, kasema Benjamini naye anashindana Jumapili.

Wale sita wa Rajabu siwajui, Mungu anisamehe. Huyu namjua. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni kutoka Magomeni mpaka hospitali, njia nzima ananitukana kwamba nina uzito wa mzigo wa wizi. Ana watoto watatu. Na akifa, mimi mtani wake ndiye wa kuingia kaburini kulala chali, nizuie mazishi, nichekeshe watu. Nitachekesha vipi?

Alhamisi, 4 Julai

Nimemwambia ukweli. Nimemfuata kwenye benchi la kahawa, nikamwambia mbele ya watu: Benjamini, helmeti ile ni feki, lebo nimechonga mimi kwa ndala, ukianguka utakufa.

Benchi zima limecheka mpaka kahawa ikamwagika. Benjamini kafuta machozi, kasema huo ndio utani wa maana, siyo ule wangu wa kila siku wa Wahehe kula mbwa. Nimeapa. Wakacheka zaidi. Nimeanza kulia. Muuza kahawa kasema nimezidi, ningefaa redioni.

Au Benjamini anajua? Pengine anajua, na anangoja aanguke mbele ya polisi ili nikamatwe. Mhehe ana hasira ya kimya. Lakini mtu hafi ili mwenzake afungwe. Au hufa?

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwenda kwa Ndugu Rajabu. Nimekiri kila kitu, nimemwonyesha na ndala yenyewe.

Kaishika mbali kwa vidole viwili. Kisha katoa helmeti ya mhandisi, ile halisi ya kwa Sadalla; mhandisi naye ni mwanachama. Lebo yake imefifia kwa jasho, nyota utaiona ukikodoa macho. Kaiweka kando ya yangu. Kauliza ipi ya serikali na ipi ya kuchongwa kwa kandambili. Ya mhandisi kaikataa papo hapo, haishindani.

Halafu kanikazia macho, kaniuliza nani kanituma nivuruge Sabasaba. Nimesema hakuna. Kasema atanitia kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa. Nilikwenda kujisalimisha, nimerudi mshukiwa wa kitu kingine.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemtuma Hyasinta kwa Agnesi, mke wa Benjamini. Hyasinta ni mtu wa kanisa, hasemi uongo. Agnesi kamkaribisha, kampa ugali na dagaa, kamsikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema mwambie mumeo amekosea nyumba, sisi Wahehe hatutishwi na Wangoni tangu enzi za mababu.

Hyasinta karudi na jibu hilo. Kasema kama Benjamini akifa, yeye atarudi kwao Peramiho. Kasema bila kelele. Nimeogopa kuliko polisi.

Jumatatu, 8 Julai

Jana sikuweza kuandika. Leo nina nyuzi kumi na moja kichwani.

Jangwani watu walijaa mpaka mtoni. Pikipiki saba mstarini, zinanguruma, vumbi tupu. Nikakumbuka kwamba na mimi ni mtani wake. Akichukua changu nacheka, nikichukua chake atacheka. Rajabu kainua bendera. Nikaruka kamba, nikamkwapua Benjamini helmeti kichwani, nikakimbia.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Benjamini kashuka, ananifukuza kwa miguu, anacheka. Mikono yangu ilikuwa inahitajika kusukuma watu, basi nikaivaa. Nyuma ya umati palikuwa na mkokoteni wa maji. Sikuuona, nikajibamiza kichwa.

Nilisikia mlio wa kitu kinachopasuka, nikadhani ni fuvu. Kumbe vyote viwili, helmeti na kichwa changu. Helmeti ililala mchangani vipande viwili na damu yangu ndani.

Benjamini akaacha kucheka. Kaokota vipande, kavigeuza. Kisha kachukua spana, kawafuata wale sita mstarini, kagonga helmeti zao moja moja. Zote zimepasuka kama vibuyu. Mashindano yakavunjwa. Rajabu alibaki ameshika kipande chenye lebo, anasema lebo haina hata mkwaruzo.

Hospitali, wakati nashonwa, Benjamini alinishika mkono. Kasema: Eliasi, kumbe ulikuwa unasema kweli. Kisha kasema wanawe wangeuliza baba yuko wapi. Kaniapisha kwa jina la mama yangu kwamba sitaiga tena lebo ya mtu yeyote. Nimeapa, tena kwa moyo. Nimelia, na yeye kalia. Nesi katutoa nje.

Jumanne, 9 Julai

Benjamini kawatangazia watu kwamba nilitapeliwa na mchuuzi mpita njia, nikagundua dakika ya mwisho, nikajitoa mhanga kuwaokoa. Watu wanaleta pole na machungwa. Kwa nini ananificha? Anataka nini?

Jioni nimejua. Kaja, kachukua redio yangu. Nimecheka kama inavyopasa.

Jumatano, 10 Julai

Ndugu Rajabu kaja na ndizi. Kaniomba radhi kwa kunishuku, kasema kumbe ile ndala nilikuwa namwonyesha jinsi matapeli wanavyofanya. Kamati imekaa, imeona kwamba lebo za kughushi ni hatari kwa taifa. Imeazimia: kuanzia sasa kila lebo igongwe juu yake muhuri wa chama, kuthibitisha kwamba lebo ni halali. Wanahitaji mchongaji mwaminifu, aliyekwisha kumwaga damu kwa ajili ya usalama. Kamati nzima imenitaja mimi.

Nimechonga kuanzia asubuhi. Pikipiki katikati, mwenge juu, maandishi yanazunguka. Sijawahi kuchonga kitu kizuri namna hii. Sadalla kasogeza kigoda chake karibu ili aone. Nimegeuka, nimempa mgongo. Siku hizi huwezi kumwamini mtu.

Ila nimefikiri. Wa chama ukipotea, je? Nimechonga na wa pili, nimeutia mfukoni. Kiapo sikukivunja. Niliapa sitaiga lebo ya mtu, na huu sikumwiga mtu. Nimechonga yote miwili mwenyewe.